Saa Mbili ya Nani

Ijumaa asubuhi Bi Muznah aliketi barazani kwa daktari wa meno,
shavu limefura kama andazi,
na ndani hamkuwa na mtu ila mimi na ufagio.
"Nimekuya yana usiku, nimekuya na leo," alisema.
"Yino haliyui kompyuta yenu."

Kompyuta yetu: mnara mweusi chini ya meza,
umefunikwa kitambaa alichofuma mke wa daktari.
Ndani yake kalenda ya miraba,
kila mraba na jina la mtu na jino lake,
na kalenda ile iliahidi: siku moja kabla
nitatuma barua pepe kwa mgonjwa, kwa daktari,
na kwako wewe karani,
asisahaulike mtu.

Ikatuma ilipotaka.
Wiki hii barua tatu kwa miadi moja,
wiki ya pili kimya,
kimya cha mtu aliyekukopa.

Nilianza na yaliyo karibu.
Folda ya taka: nikazikuta mbili zimelala
kati ya tangazo la viatu na mgeni aliyeniahidi urithi.
Nikaziokoa, nikaiweka anwani yetu kwenye orodha ya waaminifu,
nikajiona kadhi.
Bado.

Nikabadilisha nywila. Ile ya zamani ilikuwa jina la paka,
na paka mwenyewe keshakufa.
Bado.

Siku ya nne nikaelewa: programu haitumi ikiwa imefungwa.
Na mimi, niliyelelewa kuzima taa kila nitokapo,
kila jioni nikiizima, nikichomoa waya,
nikiufunika mnara wangu kitambaa,
halafu nikingoja salamu kutoka kwa maiti.

Nikaiacha macho usiku kucha.
Stima ikapotea saa tano, ikarudi alfajiri,
mashine ikaamka ikiamini ni tarehe mosi Januari
ya mwaka nilipokuwa darasa la tatu.
Kumbe ndani mna betri ndogo, duara kama shilingi,
ndiyo inayoikumbusha leo ni lini,
nayo imekufa siku nyingi bila matanga.
Nilinunua nyingine Langoni kwa Famau muuza saa.
Akanipunguzia hamsini:
daktari aliwahi kumziba jino kwa mkopo.

Tarehe ikanyooka. Barua zikaja kila siku,
na zote zikaja saa nane za usiku,
daktari akizinduliwa na simu yake
kuambiwa habari za magego.

Hapo nilicheka peke yangu.
Daktari husema tuma saa mbili asubuhi, nami huandika mbili,
kama mama alivyonifunza kuhesabu tangu jua kuchomoza.
Mashine haina jua.
Yaanza kuhesabu katikati ya giza,
na mbili yake ni nane yangu.
Miezi mitatu tumekubaliana kwa neno
na kupishana kwa saa sita.

Kicheko kikanikauka nilipoufikia mraba wa Bi Muznah.
Usiku wa Ijumaa, alisema, baada ya isha.
Usiku wa Ijumaa huingia Alhamisi, magharibi ikiadhiniwa;
hata watoto wa chuoni wanajua.
Mimi nikamwandika siku ya pili yake.
Hilo halikuwa la betri.
Nilikwenda kwake na halua ya kuomba radhi,
akanitazama: halua, kwa mwenye jino?

Sasa zinafika. Kwa wakati wake, moja kwa mmoja.

Ila iko moja nyingine.
Kila Jumatano, saa kumi alasiri,
hata wiki zile za kimya, hata betri ilipokuwa imekufa,
ilifika:
TAZAMA TANGI. MAJI.
Sikuiandika mimi. Nimepekua kila mraba, kila mwezi.
Nikampigia Shekuwe, karani aliyenitangulia,
sasa yuko Voi anauza rangi za nyumba.
"Tangi gani?" akauliza.

Leo Jumatano.
Nimepanda darini, nimefunua kifuniko,
nimetumbukiza fimbo.
Maji yamebaki shibiri moja.