Jiwe Linalokunywa Jua

Boksi lilishuka Nyegezi na basi la alfajiri,
limeandikwa kwa kalamu nene: MIMEA. USIPINDUE.
Lilikuwa limepinduliwa.
Miche minne niliyoilipia kwa simu:
mmoja umekatika shingo,
mitatu imelala kama abiria wa siti ya nyuma.

Nikaipanda kwenye ndoo za rangi.
Mmoja tu ulinivumilia.
Ukazaa tunda moja, jekundu,
lililokunja uso kama mtu anayedaiwa.

Mbegu zake zikagoma.
Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.
Nkwimba wa mlango wa pili akasema,
bila kuacha kuchambua dagaa wake:
"Zinasikia baridi. Ziweke juu ya jiwe."

Jiwe lenyewe ni hili lililobeba nyumba zetu hapa Mabatini,
linalokunywa jua mchana kutwa
na kulirudisha usiku, kidogo kidogo,
kama mkopo wa kikoba.
Nikalaza trei la mayai juu yake, na udongo, na mbegu.
Siku ya kumi na tisa:
shingo ya kijani, imeinama,
bado imevaa ganda kichwani.
Nikahesabu. Kumi na moja!

Wahenga waliuliza, pilipili ya shamba yakuwashia nini?
Hawakuipasua hii kwa ukucha
wakasahau, wakajifuta jicho.
Siku ile nililia mpaka Nkwimba akaja na kikombe cha maziwa,
akanicheka, akaniosha,
akaomba mche, ikiota.

Nikampa ule mfupi kuliko yote.
Leo wake umenipita kimo.