Cha Jana

Mashine ya mvuke hukwama karibu kila Alhamisi.
Ukimya huangukia kiwanda kama kifuniko cha sufuria,
nasi wanawake wa meza ya tatu
tunabaki na visu mkononi,
kome mbele yetu wameachama, wanafuka.
Hapo Obdulia huvua glovu moja, moja tu,
akagonga bati: “Haya. Cha jana.”

Sharti ni dogo. Utaje jambo la jana
lililokutia joto. Lisiwe la kununuliwa.
Lisiwe harusi, wala kuzaliwa kwa mjukuu;
hayo yana keki zake na wapiga picha wake.
Tunataka vile vidogo
visivyowekewa kiti na mtu.

Eudoxia huanza, subira hana.
Mumewe, miaka thelathini na minane ya ndoa,
akitoka kwa mwokaji humega ncha ya mkate njiani
na kumsingizia panya.
Jana mkate ulifika mzima.
Eudoxia akamgusa paji la uso, labda homa.
Leo alfajiri, kituo cha basi, mvua ile ile ya Galisia,
akatia mkono mfukoni mwa koti:
ncha, imefungwa kwa karatasi.
“Leo si jana,” alisema Obdulia,
lakini akampa.

Hortensia hana mume wala panya.
Ana soksi. Huzianika juu ya radieta
na kuzivaa saa ya utabiri wa hewa.
“Mtangazaji akitaja mvua ya kesho,
miguu yangu haimwamini.”

Mimi, Dorinda, nina mtoto wa ghorofa ya juu
na tarumbeta yake. Miezi mitatu
alijikwaa kwenye noti ile ile,
nami nikajikwaa naye, sahani mkononi.
Jana akavuka!
Nikagonga dari kwa mpini wa ufagio.
Akanyamaza ghafla, maskini.
Ikabidi nipande ngazi na slipa zangu
nimwambie: hapana, mwanangu,
yale yalikuwa makofi.

Ikafika zamu ya Sabela.
Mwanawe alikwenda Uswisi mwezi wa pili,
na simu ni kama aliibeba na begi.
“Nirukeni,” alisema. “Sina.”

Kome wakapoa.
Hata Eudoxia, ambaye mdomo wake hauna mlango,
alitazama buti zake za mpira.
Obdulia peke yake hakuinamisha kichwa.
“Basi kopa.”
“Nikope nini?”
“Cha yeyote. Utarudisha Alhamisi.”

Alhamisi ikaja, na mashine, kwa ukaidi, ikafanya kazi.
Sijui Obdulia alifanya nini.
Najua kijiko kilikutwa
mahali pasipo na kazi ya kijiko,
na msimamizi Fandiño akapiga kelele hadi bandarini.

Sabela alivua glovu.
“Nilikopa soksi.
Siku ya kwanza, soksi tu.
Ya pili, soksi tu.
Jana nilizisahau juu ya hita, zikaungua.
Harufu ile! Nikafungua dirisha kwenye mvua,
na ng’ambo ya uchochoro jirani akafungua lake,
akauliza nini kinaungua.
Nikamwambia: utabiri wa hewa.
Nikasikia mtu anacheka chumbani mwangu,
nikageuka kumtafuta.”

Simu kutoka Uswisi haijalia bado. Nisiseme uongo.
Lakini Hortensia alidai mali yake:
furaha ilikuwa ya mkopo, na soksi ni sehemu ya furaha.
Akaletewa. Ya kushoto ina tundu lenye kingo za kahawia,
na sasa hiyo ndiyo anayoivaa,
kidole gumba kikichungulia mvua ya kesho.

Mtoto wa juu ameanza wimbo mwingine.
Anajikwaa mara mbili.
Bado sijawaambia.
Naiweka hiyo, Alhamisi si mbali.