Upande wa Kulia

Baba yangu alitengeneza saa miaka thelathini na minane
kwenye kibanda kando ya daraja, mjini Kutaisi.
Leo Daktari Tsiala amempa karatasi na penseli:
"Mzee Anzori, nichoree saa."
Akachora duara safi, mkono haukutetemeka,
kisha akazipanga tarakimu zote kumi na mbili
upande mmoja, zikibanana
kama watu waliokimbilia upenu mmoja mvua ikinyesha.
Nusu ya pili nyeupe. Hata doa.
Akaikagua kwa jicho la fundi.
"Imekamilika. Itieni kamani."

Macho yake ni mazima, daktari alituambia ukumbini.
Mshipa ulipasuka juu ya sikio la kulia,
damu ikafunika pale ubongo unapoweka ramani ya kushoto.
Hajapofuka. Kipofu hujua kuna kitu hakioni.
Kwake yeye hakuna giza, hakuna ukuta, hakuna pengo:
kushoto hakujawahi kuwapo.

Ndiyo maana hunyoa shavu moja
akatoka bafuni akijisifu.
Ndiyo maana hula nusu ya maharage, halafu hulalamika
kwamba siku hizi nyumba hii inapima chakula.
Nikiizungusha sahani hucheka kama mtoto:
"Haya yalikuwa wapi?"
Na usiku mmoja aliniita, akinong'ona kwa hasira,
niuondoe mkono wa mtu uliosahauliwa kitandani mwake.
Ulikuwa na kovu la bisibisi kwenye kidole gumba.
Ulikuwa na joto.

Mama hakubali. Amekaa kushoto kwake tangu harusi,
mezani, kanisani, kwenye basi la Batumi,
na kiti chake hakijasogea.
"Anzo," humwita. Yeye hugeuka dirishani.
"Lamara amekwenda wapi?"
Basi hapo mezani kila mmoja ana kulia kwake.

Jana nilimwomba afumbe macho,
atembee kichwani kutoka darajani hadi sokoni.
"Muuza viatu. Duka la dawa.
Kwa Guliko, mkate wa jibini, ukiwa na chumvi mno."
Milango ya kulia tu.
"Umefika sokoni, baba. Sasa geuka, urudi."
Akanyamaza. Midomo ikatafuna hewa.
"Kinyozi," akasema. "Benki. Ule mlozi uliokatwa.
Kibanda changu."

Mama akaweka kisu chini.
Mtaa mzima umo mle ndani, mpaka mti uliokatwa.
Akasimama, akakiburuta kiti kuizunguka meza,
miguu ikikwaruza sakafu,
miaka arobaini na miwili ikihama hatua saba,
akaketi upande wa pili.

Baba akamtazama, uso umenyolewa nusu.
"Umechelewa," akasema. "Chai imepoa."