Mninga Mbele ya Karakana

Mikono yangu ina rangi ambayo sabuni haiijui.
Miaka thelathini na mmoja nimepasua mninga hapa Isevya:
milango, vitanda, kabati la harusi la binti wa Mwashi,
na jeneza moja, dogo, ambalo sikulitoza fedha.
Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu.
Mwanafunzi wangu wa kwanza alipouona
alikimbia kutafuta kitambaa.

Mbao zilikuwa zikija kutoka Ipole,
baadaye zikaja kutoka mbali zaidi,
baadaye zikaja usiku,
baadaye ikaja simu tu: Fundi, hakuna.

Ndipo Kashindye mrina asali,
aliyefika na madumu yake mawili kwenye baiskeli,
akanitolea mfukoni matunda ya mninga,
bapa, ya mviringo, yenye miiba katikati,
kama jua lililochorwa na mtoto mwenye hasira.
"Umekula sana wewe," akasema. "Panda."

Katika mbegu kumi na nane iliota moja.
Niliupanda mche mbele ya karakana, kando ya mtaro,
nikauzungushia tairi na fito za mtundu
kwa sababu ya mbuzi wa Mama Sizya
wasiomjua diwani wala Mungu.

Mvua ikanyesha, ukapata majani saba.
Kiangazi kikaja, ukafa mpaka chini.
Mvua, majani tisa. Kiangazi, kijiti.
Mwaka wa tatu Mama Sizya alikuja kunipa pole,
pole ya kweli, ya msibani, amejitanda khanga.
"Si ungepanda mwarobaini? Wangu wa juzi tu,
tayari naanikia nguo."
Mtendaji wa mtaa naye akapita, akauliza
lile tairi linalinda nini.
Nikasema: kijiti.
Akaandika.

Sikuwa na jibu bora. Niliendelea kukimwagia
maji ya kunawia, kila jioni,
kama mtu anayemsalimia jirani asiyeitikia.

Mwaka wa tano likaja bomba la maji.
Vijana wa sururu, mstari mmoja, vumbi mpaka kope,
na Nyamizi, msichana pekee wa kikosi,
ndiye aliyeangukiwa na kipande cha mbele ya karakana.
Nilisikia sururu yake ikisita.
"Fundi, njoo uone ulichokificha."

Chini ya kijiti kisichozidi shibiri
kulikuwa na mzizi mnene kama mkono wangu.
Niliingia handakini nikaufuata kwa kidole,
kidole kikaishia kwenye udongo mgumu,
wenyewe ukaendelea.
Miaka yote ile niliyoupa pole
ulikuwa kazini.

Mahali sururu ilipoukwaruza
palitoka utomvu ule ule.
Safari hii mimi ndiye niliyekimbilia kitambaa.

Msimamizi alifoka: ramani imenyooka!
"Ramani haijawahi kufika Isevya," Nyamizi akamjibu,
akaanza kuchimba hatua moja na nusu upande wa barabara.
Ndiyo maana bomba letu lina kiwiko pale.
Likivuja, huvujia hapo hapo,
na sijawahi kwenda kulalamika.

Sasa ni mwaka wa saba. Kiangazi hiki kilichopita
haukufa. Umenifika magotini.
Mteja mmoja aliuliza, kwa mzaha, kitanda lini.
Nimepiga hesabu kwa penseli ya ukutani:
hakuna msumeno wangu utakaouwahi,
wala wa mwanangu.
Ajabu, usiku huo nililala vizuri.

Juzi Mama Sizya amekuja na tairi,
la baiskeli, jembamba, halimzuii hata kuku.
Hakusema la nini. Nilipokea.
Nikamwambia Kashindye hurudi mwezi wa nane,
na kwamba mbuzi wake
tutawafunga.