Kupe

Baba alilinunua mwaka ule kahawa ilipopanda bei,
jekundu, milango miwili, mgongo umeinama
kama mtu anayepita chini ya mkungu wa ndizi.
Kilabuni Kibosho wakamwuliza: gari gani hili?
Kupe, akajibu, kama alivyosikia kwa Mhindi aliyemwuzia.
Mbege ikawatoka puani.
Aminieli! Magunia yote yale, umenunua kupe?
Jina likaganda. Kupe naye huganda.

Nililikuta mgombani, miaka kumi na tisa baada ya mazishi.
Kuku wametagia kiti cha nyuma,
chipukizi la mgomba limepenya sakafu, mahali pa klachi.
Nikalikata kwa panga.
Mama, kutoka jikoni: ungeliacha lizae kwanza.

Fuso la ndizi likatushusha hadi Moshi,
Rogati amekaa ndani ya Kupe, juu ya mikungu,
anapungia watu mkono kama bwana harusi.
Pasua, gereji ya Mfinanga.
Mfinanga si mtu wa maneno. Akalizunguka mara moja,
akaligusa kwa ncha ya kiatu, kutu ikamwagika kama pumba.
Gari la mbio halijengwi kwa kuongeza, akasema.
Toa.

Tukatoa.
Bampa, vioo vya pembeni, taa ya ndani,
redio iliyotutangazia vita vya Kagera,
kapeti, na chini ya kapeti kapeti nyingine.
Kila kitu tulikipeleka kwenye mizani ya Mama Ndesario,
muuza nyanya, aliyefuta oili kwenye sahani yake
huku akituapiza kwa Kipare.
Kiti cha nyuma: kilo kumi na nane na nusu.
Ndani ya springi zake: maganda ya yai,
stakabadhi ya chama cha ushirika,
na hereni moja, ya dhahabu, si ya mama.
Nikaiweka nayo mizanini.
Sindano haikutikisika.

Kisha miezi ya cheche.
Injini ya Hailaksi ya misheni, iliyopinduka Himo.
Kabureta mbili kutoka Gerezani, zimefungwa kwenye kanga,
kanga imeandikwa *Usinipime*.
Mfinanga akakata bati la mbele, akairudisha injini nyuma shubiri moja,
uzito ukae pale matairi yanapouomba.
Nyuma mapana. Mbele membamba, kama ya mkokoteni wa maji.
Rangi hatukupiga. Rangi nayo ina kilo zake.

Na Kupe akanyonya.
Alininyonya mishahara kumi na minne,
akanyonya mbuzi wawili na shamba la maharage,
akanyonya mahari ya Rogati
(mchumba wake hanisalimii mpaka leo).
Usiku alipowaka mara ya kwanza
mbwa wa Pasua nzima walinyamaza.
Wengine hubweka. Wale walinyamaza.

Jumapili, alfajiri, barabara ya miwa, Arusha Chini.
Mstari wa chokaa. Mlima umejitokeza wote, bila shuka.
Subaru ya kijana wa Arusha upande wa kushoto, inang'aa kama sahani ya harusi.
Mama amekalia ndoo, amevaa koti la baba.

Linakwenda wapi?
Mita mia nne, mama.
Halafu?
Halafu linasimama.
Miaka yote hii?
Sekunde kumi na nne, mama. Mungu akipenda, kumi na tatu.

Leso ikashuka.
Sijui la kuwaambia kuhusu zile sekunde.
Miwa iligeuka ukuta, kijani, kisha haikuwa na rangi.
Subaru ilitutangulia kwa urefu wa boneti.
Mfinanga akatazama saa yake, akatazama tairi, akatema mate, akacheka:
nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake.

Mama alikuja polepole, akachungulia dirishani
lisilo na kioo.
Na kile kiti cha nyuma?
Tulikitoa, mama.
Mkono wangu mfukoni, kwenye ile hereni.
Mlifanya vizuri, akasema,
akipangusa vumbi kwenye paa kwa kiganja.
Kilikuwa kizito.