Daftari la Vipimo

Ruwi, nyuma ya duka la saa na redio,
ngazi kumi na nne, mlango wa buluu:
hapo ndipo nilipompima Ghaniya mara ya kwanza.
Kifua thelathini na nne. Kiuno sitaki kusema.
Usiku ule alikuwa aimbe arusi ya Al-Khuwair
na gauni lake limeungua pasi.
"Dada, nisitiri," akasema. Nikamsitiri.

Toka siku hiyo nina daftari.
Ukurasa wa Biharusi Aliyekimbia.
Wa Kichaa wa Nizwa, mikono mirefu ifunike vidole.
Wa Mke wa Pili: kaniomba nimbane mabega,
"huyu hapumui vizuri, mbanie."
Wa Bibi wa Jangwani, naye ana miaka thelathini na moja;
nikamtia mto wa pamba mgongoni,
akenda Kuwait na kibyongo changu,
akarudi na tuzo.
Kibyongo sijalipwa hata leo.

Sauti nayo ilikuwa na vipimo.
Ya arusini, pana, ipite juu ya vigelegele.
Ya redioni, ya Kiarabu, imenyooka kama kola.
Ya hotelini, nyembamba,
ipenye baina ya uma na kisu.
Na ile aliyokuwa akiimba hapa, nami pini mdomoni,
Kiswahili cha mama yake, mwenyewe hajui kama anaimba.
Hiyo sikuiandika.

Kisha wakampa yule mtumishi.
Mchezo wa Ramadhani, baada ya futari, nchi nzima inatazama.
Mwanamke aliyerudi kutoka Unguja,
Kiarabu chake kinateleza, watu wacheke.
Nilipinda kanga mbili bila ya kumtazama usoni.
"Umekubali?"
"Nimekubali kodi ya nyumba."

Siku ya kumi na saba, sinia mkononi,
bwana mwenye nyumba akamuuliza: kwenu wapi?
Maandishi yalitaka akosee neno.
Yeye akaliweka sinia chini.
Akasema kwa Kiswahili, taratibu,
"Kwetu hapa. Chai imepoa."

Mwongozaji, nasikia, alisahau kusema kata.
Sebuleni kwangu tulikuwa wanawake tisa.
Bi Salha alibaki na kitumbua hewani
mpaka matangazo ya sabuni.

Jana amezipanda zile ngazi, kapumzika mara mbili.
Goti. Na kiuno, sasa nasema: kimeishinda futi.
"Nani safari hii?" nikauliza, kalamu tayari.
"Hakuna mtu. Nishonee ya kukaa nyumbani."

Nikafungua ukurasa mpya.
Juu, pale ninapoandika jina la mhusika, kalamu ikasita.
Miaka arobaini, na daftari zima
halina hata ukurasa mmoja wa Ghaniya.

"Mikono?"
"Mifupi. Nataka kuoshea vyombo."

Akageuka dirishani, akaanza, chini kwa chini, ule wa mama yake.
Nilipokuja kuzindukana
nimelipima bega lile lile mara tatu.