Kalamu ya Risasi

Huku kwenye nyaraka wino umekatazwa.
Karani alinitwaa biro mlangoni, akaipa namba
kama viatu vya wageni,
akanikabidhi kalamu ya risasi, fupi,
imetafunwa kisogoni na mtu aliyenitangulia.
"Risasi hufutika," akasema.
Nilimtazama. Hakuwa anatania.

Sentensi yangu ya kwanza nimeiandika mara saba:
*Mji huu ulianza na reli.*
Kila mtu huanzia hapo. Reli ikafika kinamasini, ikachoka,
ikatua mzigo, vyura wakanyamaza wapate kusikiliza.
Lakini maji baridi yalikuwa na jina kabla ya stesheni,
na aliyeyapa jina alikuwa na ng'ombe,
na ng'ombe walikuwa na kiu,
na kiu haina faili.

Zipo faili za mitaro. Faili za panya.
Faili nene ya kokoto: zimetoka wapi, kwa bei gani.
Ipo ramani iliyopakwa rangi kwa subira,
waridi kule kilimani penye upepo,
manjano sokoni,
na huku chini kwenye mbu rangi imeishia njiani,
karatasi ikabaki karatasi.
Katika weupe huo watu walipika, wakazaa, wakadaiana.

Leo, kati ya barua mbili zinazogombania bomba la maji,
nimekuta mstari mmoja:
*Pangani. Nyumba 212. Udongo na mabati. Vyumba sita.
Mwenyewe: mwanamke. Ibomolewe.*
Pembeni pana alama ya vema
iliyopigwa na mkono wenye haraka ya chai.

Saa tisa nikashuka Majengo, kwa Bi Mastura.
Alikuwa anapiga pasi kanzu za watu, kumi na moja,
harusi ni Jumamosi, na makaa yalikuwa ghali.
"Pangani? Mimi niliolewa tu humu. Iulize hii."
Akainua blanketi la kupigia pasi.
Meza ilikuwa mlango.
Bawaba mbili bado zimo ubavuni, kama masikio,
na kwa rangi nyeupe iliyokula moshi: 212.

"Bibi yao, Zaituni binti Gathuku. Siku ya kuvunja
aliwaachia kuta, akawaachia paa.
Mlango akajitwika.
Njiani alipumzika mara tatu, na kila mara
aliusimamisha wima, barabarani, bila nyumba,
akabisha hodi.
Waliokuwa wanahama naye wakaitikia: karibu."

Nikafungua daftari. Akanishika mkono,
wake una joto la pasi.
"Hilo la hodi usiandike. Watasema alirukwa na akili."
Niandike nini basi, bibi?
Akageuza kanzu, akanyunyiza maji, akanyoosha kola.
"Andika vyumba vilikuwa saba.
Walihesabu sita. Cha saba kilikuwa nyuma ya kabati,
walilala humo wasio na kipande.
Mmoja alikuwa anakohoa, basi yeye Zaituni
akajifunza kukohoa vivyo hivyo,
mwaka mzima, mchana na usiku,
mpaka askari wakamzoea."

Asubuhi nimerudi kwenye kiti changu.
Faili ile ile, kamba ile ile, vumbi linalopanda puani.
Nimekohoa, na wasomaji wawili wamegeuka.

Nimeifuta reli. Sijapata cha kuweka mahali pake.
Sentensi ya nane ina neno *hodi*, nami nimekatazwa,
nimelikata, nimelirudisha, nimelikata.

Karani ametoka kuswali adhuhuri.
Kanuni ukutani inasema msomaji asiguse maandishi ya serikali.
Kalamu ya risasi iko mkononi,
na pembeni mwa *sita*, kabla ya ukingo wa karatasi,
pana nafasi, si kubwa,
ya tarakimu moja.